Kiwanda Kilikufa, Garimoshi Likaendelea

Uzinduzi mmeusikia. Tangu Alhamisi, tarehe 1 Agosti 2024, hakuna kijiwe cha kahawa hapa Dodoma ambacho hakijaizungumzia treni ya umeme. Rais Samia Suluhu Hassan ameizindua, picha zimepigwa, na sasa mtu anakwenda Dar es Salaam na kurudi siku hiyo hiyo. Kituo hiki kinafurahi pamoja nanyi. Furaha hiyo ni halali yetu.

Lakini tuna swali ambalo tumekuwa tukiliuliza hapa mara kwa mara, na leo tunaliuliza tena. Treni hii ikiharibika, nani ataitengeneza?

Tunauliza kwa sababu nyanda hizi za kati zimeona mashine nyingi za wageni. Wajerumani walifikisha reli Dodoma mwaka 1910 na garimoshi lao likapuliza king'ora chake hapa. Waingereza wakaja na magarimoshi ya kwao. Kati ya yote hayo, yapo magarimoshi ambayo kila mkazi wa Dodoma, Manyoni na Singida angepaswa kuijua habari yake.

Mwaka 1955 na 1956, kampuni ya North British Locomotive ya Glasgow, kule Uskoti, ilitengeneza magarimoshi 26 ya daraja la 30 kwa ajili ya Reli za Afrika Mashariki. Yalikusudiwa kwa njia za Tanganyika, na walioyabuni walijua kwamba huku maji ni ya shida. Kwa hiyo behewa la maji lililofungwa nyuma ya injini lilikuwa kubwa kuliko lile la daraja la 29 lililotangulia, ili garimoshi livuke nchi kavu bila kusimama kila mara kutafuta maji. Hii ni mashine iliyotengenezwa baada ya mtu kuuliza nchi ikoje.

Moja kati ya hayo, namba 3020, lilipewa jina la Nyaturu. Ndiyo, Wanyaturu wa Singida, majirani zetu. Leo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi. Wakenya wamelitunza vizuri na tunawashukuru. Lakini mtoto wa Singida anayetaka kuligusa garimoshi lenye jina la watu wake hana budi kuvuka mpaka. Hilo linatuuma, wala hatulifichi.

Sasa sikilizeni yaliyompata mtengenezaji. North British iliundwa mwaka 1903, kampuni tatu za Glasgow zilipoungana, na ikawa mtengenezaji mkubwa wa magarimoshi kuliko wote Ulaya. Mvuke iliujua barabara. Dieseli ilipoingia, ikachelewa kuijifunza, na injini za dieseli ilizouza zikawa zinaharibika na kurudishwa kwa madai. Mwaka 1962 ikafilisika. Mkubwa wa Ulaya, kwisha! Magarimoshi yetu wakati huo hayakuwa yametimiza hata miaka kumi.

Je, yalisimama? Hayakusimama. Yaliendelea kuvuta mabehewa hadi miaka ya 1970. Nani aliyatengeneza? Mafundi wa karakana zetu wenyewe za Afrika Mashariki. Ni wao walioingia ndani ya boila, wakabadilisha mirija, wakakereza vyuma, wakalirudisha garimoshi njiani. Kiwanda kilikufa, fundi alikuwepo.

Na pale fundi alipokosekana tunapajua pia, hapo Kongwa tu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga. Wakaleta matrekta ya kila namna, yakiwemo ya Shervick yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita vya Sherman. Udongo wa Kongwa ukikauka haulimiki. Mashine ziliharibika moja baada ya nyingine, vipuri vikawa haba, mafundi wakawa haba, na mwaka 1951 mradi ukafa kwa hasara ya zaidi ya pauni milioni 30. Nguvu ya mashine ilikuwepo. Nani angezitengeneza?

Vichwa vya treni yetu mpya vimetoka kwa Hyundai Rotem ya Korea Kusini, na reli yenyewe imejengwa na Yapı Merkezi ya Uturuki. Hatuna ugomvi na Mkorea wala Mturuki. Lakini treni ya umeme haitengenezwi kwa nyundo. Inaendeshwa na kompyuta. Je, tutaruhusiwa kuzifungua programu zake sisi wenyewe? Vipuri tutavipata miaka 20 ijayo? Na kampuni iliyoiunda ikifilisika kama ilivyofilisika ile ya Glasgow, nani ataitengeneza?

Waheshimiwa wabunge, mtakaporudi ukumbini hapa Dodoma, ulizeni! Msiulize nauli peke yake. Ulizeni ni Watanzania wangapi wanafundishwa kufungua kichwa cha treni hadi ndani, na si kukiendesha tu. Wakuu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, wakuu wa chuo cha reli cha Tabora, wakuu wa vyuo vya ufundi vya VETA, msisubiri kualikwa, kabisheni hodi wenyewe! Vijana mnaojua umeme na kompyuta, ombeni nafasi katika karakana za treni hii, mkikataliwa ombeni tena!

Nanyi wazee wetu mliofanya kazi katika karakana za reli, mlioko Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, mlango wa studio hii uko wazi. Njooni mtueleze mlivyoyatunza magarimoshi yale baada ya kiwanda kufungwa. Njooni na daftari zenu kama bado mnazo. Tutawarekodi, na vijana watawasikiliza.