Tunachangia Dakika 40

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu wa Ujiji na Kigoma, ndugu zetu wa mwambao wa ziwa:

Mwaka huu tunachangia kitu kisicho na jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Tunachangia dakika 40.

Hicho ndicho kipindi kimoja cha sekondari. Sisi wahasibu tunapiga hesabu hivi: mwalimu akiandika nukuu ubaoni kwa dakika 30, za kuuliza na kufanya mazoezi zinabaki 10. Mtoto wa kidato cha kwanza, aliyetoka kusoma kwa Kiswahili na sasa anafundishwa kwa Kiingereza, anarudi na daftari lililojaa asichokielewa. Nyumbani hana wa kumuuliza.

Darasa lililogeuzwa linapindua mpango huo. Mwanafunzi analisoma au kulisikiliza somo kabla ya kipindi. Darasani anafanya mazoezi, mwalimu akiwa karibu yake. Walimu wawili wa kemia wa Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza mwaka 2007 kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Nasi tunao wa namna hiyo: ziwa likichafuka, boti ya Mwamgongo au Kagunga haiondoki.

Mtasema mtandao huko ni wa shida. Ni kweli, ndiyo maana hatuombi kompyuta. Tunaomba nukuu zilizochapishwa, kadi za memori zenye masomo yaliyorekodiwa na walimu wetu kwa simu, na taa za sola. Taa ni za kusomea shuleni jioni, kwa sababu mtoto anayechota maji na kuanika dagaa haitoshi kumwambia "kasome nyumbani". Tukiziacha taa, mpango utawafaa wenye nafasi tu, na wanyonge watazidi kuachwa.

Mwalimu naye hapunguziwi kazi, mwanzoni itaongezeka. Kwa hiyo tuanze na hisabati ya kidato cha kwanza peke yake. Kila shilingi itakuwa na risiti, na mwakani tutawasomea hapa mahesabu pamoja na matokeo ya mitihani, yawe mazuri au mabaya.

Haba na haba hujaza kibaba. Fomu za ahadi ziko mezani.