Baisikeli Katika Theluji



Mmeniuliza kama watu wa Ulaya huacha baisikeli theluji ikianguka. Wengi huacha. Lakini Oulu, mji wa kaskazini ya Finland, watu huenda kazini kwa baisikeli hata katika baridi ya digrii 20 chini ya sifuri, na watoto huenda shule vivyo hivyo.

Si kwamba damu yao ni nyingine. Baridi huzuiwa kwa glavu nene na kofia. Makoti mengi hayafai, maana mwenye kupiga pedali hutoka jasho, na jasho likipoa ndiyo baridi yenyewe. Adui ni barafu. Wengine hutia tairi zenye vijisumari vya chuma, na breki ya mbele hushikwa kwa hadhari.

Lakini vijisumari si kitu kama njia haikusafishwa. Mji ule una zaidi ya kilomita 800 za njia za baisikeli. Wako wafanya kazi wanaoamka gizani (jua la Desemba huchomoza saa nne asubuhi!) kuendesha trekta za kuondoa theluji na kumwaga changarawe, kabla wenzao hawajatoka nyumbani. Baraza la mji ndilo hulipa gharama.

Kwingineko husafishwa kwanza barabara ya magari, na theluji yake husukumwa juu ya njia ya baisikeli. Huko mwenye baisikeli hungoja basi.