Taa na Miwani kwa Waendesha Baiskeli wa Usiku katika Nyanda za Chai



Hapa Roret, kwenye nyanda zetu za chai, jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na nusu saa baadaye ni giza totoro. Saa hizo lori la majani chai huenda hata halijafika kituoni, na mkulima aliyekuja kwa baiskeli atarudi usiku. Wapo pia wa alfajiri, wenye mitungi ya maziwa. Bodaboda zimewazidi kwa wingi, ndiyo maana husahaulika.

Naanza na taa ya nyuma, kwa kuwa wengi hununua ya mbele tu. Gari la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akikawia sekunde moja na nusu kabla ya kugusa breki, mita 33 zimekwisha. Taa nyekundu iwake mfululizo: ya kumwekamweka huvuta jicho, lakini dereva hupata shida kukadiria umbali. Ongeza viakisi mwanga kwenye pedali. Vikipanda na kushuka, dereva hutambua mara moja kwamba mbele yake kuna mtu anayekanyaga, si nguzo ya ua.

Kwa taa ya mbele, muuzaji atakusifia ukali wake. Usimsikilize sana. Ukungu wetu ni matone ya maji, na mwanga ukiyapiga hukurudia machoni. Tochi ya kichwani ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu iko karibu mno na macho. Funga taa chini, kwenye uma wa gurudumu la mbele, iinamie barabara. Ujerumani sheria inataka mwanga wa taa ya baiskeli ukatwe kwa juu, usimchome macho anayekuja. Taa ya namna hiyo, hata ndogo, naipendelea kuliko tochi kali inayomulika vilele vya miti. Mteremkoni kwenye murram iliyolowa, kwa kilomita 30 kwa saa, unahitaji kuona si chini ya mita 25. Dinamo ya kusugua tairi huteleza ikipata matope, basi uwe na tochi ya akiba mfukoni.

Miwani nayo si mapambo. Mvua ikishanyesha kumbikumbi hufuata taa, na mmoja akiingia jichoni mteremkoni, mtaro hauko mbali. Vaa vioo vyeupe visivyo na mikwaruzo, maana mkwaruzo hutawanya mwanga wa gari linalokuja. Miwani ya kinga ya maseremala inatosha. Ile ya njano inayouzwa kuwa ya usiku iacheni: utafiti wa Taasisi ya Schepens, Boston, uliochapishwa 2019, ulionyesha haikuwasaidia madereva kumwona mtembea kwa miguu gizani.

Ombi langu kwa wenye maduka ya vipuri: baiskeli mpya isitoke dukani bila taa nyekundu na viakisi vya pedali.