Kazi Isiuzwe Ingali Maua
Maneno ya Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka ya wana Bukoba na Muleba waishio Dar es Salaam



Sisi wa Kamati ya Fedha ni wahasibu, na tunajua kwamba mhasibu akishika kipaza sauti watu huanza kuangalia simu zao. Leo tunaomba dakika chache tu. Tumekuja kuwaombea fedha watu ambao hawapo ukumbini: vijana wetu wa nyumbani wanaojiajiri. Hao ni mafundi cherehani, waashi, mafundi wa simu, wapiga picha, wapishi wa sherehe na wachomeleaji.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita chama hiki kiligawa vyerehani vinane. Tulipiga picha na tukapongezana. Baada ya miaka miwili tulipita kuvitazama, tukakuta vitatu tu ndivyo vinavyofanya kazi mikononi mwa wenyewe. Vingine viliuzwa au vimefunikwa kitambaa sebuleni. Wakati ule tulisema vijana ni wavivu. Desemba iliyopita tuliketi na fundi mmoja wa wale watatu, upande wa Muleba, tukafungua daftari lake. Hapo ndipo tulipoona kwamba hesabu yetu ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Dada huyu anashona sare za shule. Mwezi Oktoba mama yake aliugua, akachukua shilingi 150,000 kwa mfanyabiashara mmoja. Makubaliano yalikuwa kwamba mfanyabiashara ataleta kitambaa, na yeye atashona jozi 200 kabla shule hazijafunguliwa Januari, kwa shilingi 3,000 kila jozi. Alishona usiku na mchana, akapata 600,000, na ile 150,000 ikakatwa humo humo.

Tukapiga hesabu naye. Kitambaa, vifungo na uzi wa jozi moja ni shilingi 9,000. Jozi hiyo huuzwa 16,000. Kama kazi ingekuwa yake, kila jozi ingembakizia 7,000, na jozi 200 zingempa 1,400,000. Maana yake shida ya shilingi 150,000 ilimpotezea 800,000.

Wazee mliomo humu mnalijua jambo hili kwa jina lake. Ni butura. Ndivyo kahawa yetu ilivyouzwa miaka mingi: mkulima ana mgonjwa, ana ada ya shule au ana msiba, basi anauza kahawa ingali maua mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Mavuno yakifika, kibanja ni chake lakini kahawa si yake. Serikali na ushirika wamepiga vita butura ya kahawa kwa muda mrefu. Butura ya cherehani, ya mwiko na ya kamera hakuna anayeizungumzia.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kumwita yule mfanyabiashara mwizi. Alikuwa na vitu viwili ambavyo fundi hakuwa navyo. Cha kwanza ni mtaji. Cha pili, na ndicho tulichokisahau tulipogawa vyerehani, ni wateja. Yeye ndiye aliyewajua wazazi na walimu, na ndiye aliyepita kwao mapema. Wazee wetu walipounganisha vyama vyao vya msingi mwaka 1950 na kuunda chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, ambacho leo tunakifahamu kupitia KCU, hawakutafuta majembe. Majembe walikuwa nayo. Walitafuta soko na sauti katika bei.

Kwa hiyo, vijana wetu, tunawapa mambo manne, kama wahasibu na kama kaka na dada zenu.

Kwanza, andika bei yako na uibandike ukutani. Kabla ya kuiandika, hesabu vifaa, umeme, nauli, uchakavu wa mashine na saa zako. Fundi asiyejua gharama yake hupunguza bei mpaka anamlipia mteja bila kujua.

Pili, weka daftari la wateja: jina, namba ya simu, kazi uliyomfanyia na tarehe. Mteja wa zamani ni rahisi kumpata kuliko mpya. Mzazi uliyemshonea Januari mpigie Novemba, kabla mwingine hajampigia. Mpishi aliyepika kwenye send-off ya mtu amuulize nani mwingine ana sherehe.

Tatu, acha jina lako kwenye kazi yako. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 wengi wetu humu tulijenga upya nyumba za wazazi. Ni wangapi bado tuna namba ya mwashi aliyetujengea? Fundi yule alifanya kazi nzuri, akaondoka bila kuacha hata karatasi, na kazi iliyofuata tukampa mwingine.

Nne, omba malipo ya awali, na yapokee kwa lipa namba au laini ya simu isiyochanganyika na fedha za nyumbani. Mtu atauliza: je, hiyo nayo si butura? Hapana. Katika butura bei hupangwa na mwenye fedha. Katika malipo ya awali bei umepanga wewe, na mteja anaitia sahihi.

Tazameni jambo hili la nne linavyobadilisha hesabu. Jozi 200 zinahitaji vifaa vya shilingi 1,800,000. Wazazi 200 wakitanguliza 5,000 kila mmoja, tayari kuna 1,000,000 mkononi. Kinachobaki kutafutwa ni 800,000 tu.

Hiyo 800,000 ndiyo iliyotuleta mbele yenu. Tunajua ipo mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tunawahimiza vijana waiombe. Lakini kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, na fundi wetu mara nyingi yuko peke yake na cherehani moja.

Tunapendekeza mfuko mdogo wa kukopesha, wa kuanzia na mafundi kumi: shilingi 8,000,000. Mkopo utatoka mwanzoni mwa Novemba na kurudi mwishoni mwa Februari, ili mwaka unaofuata uwasaidie wengine. Hatutampa mtu kwa sababu ni mtoto wa fulani. Atatuletea daftari lenye majina ya wateja waliokwisha kutanguliza fedha. Sisi wahasibu tutapitia madaftari hayo bila malipo, na jarida la mwaka ujao litachapisha nani alirudisha na nani hakurudisha, pamoja na makosa yetu tutakayofanya.

Kabla hatujakaa, tuna neno moja kwetu sisi wa mjini, na halina utamu. Katika daftari la yule dada kulikuwa na ukurasa wa madeni. Tulisoma majina tukanyamaza, maana mengine yalikuwa ya watu wa Dar es Salaam: nguo za harusi, za kipaimara, mapazia ya nyumba mpya kijijini. Tukifika Desemba tunaomba bei ya undugu, kisha tunasema “nitakutumia nikifika mjini”. Tukifika mjini tunasahau. Aliyetulaza chini si yule mfanyabiashara peke yake. Na sisi tumo.

Kwa hiyo leo tunaomba ahadi mbili. Ya kwanza ni ya fedha, na fomu zinapita mezani. Ya pili haina fomu: Desemba hii, kila mmoja wetu ampe kazi fundi mmoja wa nyumbani, amlipe bei aliyoiandika ukutani, na amlipe kabla ya kupanda basi au meli ya kurudi.

Mkitoa ya kwanza mkakataa ya pili, tutakutana hapa mwaka kesho kuchangia vyerehani vingine vinane.