Ushahidi wa Damu katika Maradhi ya Mapigo ya Moyo

Katika maradhi ya moyo kwenda mrama, ambapo vyumba vyake viwili vya juu huacha kupiga kwa nidhamu vikawa vinatetemeka tu, hatari kubwa aghalabu haimo katika mapigo yenyewe, bali katika damu ambayo, kwa kutuama humo, huganda ikawa bonge, na bonge hilo likifika ubongoni huleta kiharusi. Dawa ya kuzuia damu isigande ipo, ila yaweza nayo kumtoa mtu damu hadi kumwua. Basi nani apewe?

Zamani jawabu lilitafutwa katika umri wa mgonjwa na maradhi yake ya nyuma. Mwaka 2016 wataalamu wa Uppsala, nchini Sweden, walitoa hesabu ya kupima hatari iliyotia ndani ushahidi wa damu yenyewe: troponini, ambayo ni protini inayovuja kutoka msuli wa moyo ulioumia, pamoja na kipande cha homoni ambayo moyo huitoa unapoelemewa. Kwa wagonjwa zaidi ya 14,000 hesabu hiyo ilibashiri kiharusi vizuri zaidi kuliko ile iliyozoeleka ya umri na maradhi ya nyuma.

Ajabu ni kwamba troponini hiyo hiyo ikipanda huashiria kutoka damu pia, tena na mauti, hata tabibu akabaki na karatasi mkononi inayomvuta huku na huku. Kwa hiyo singependa, kwa rai yangu, mgonjwa acheleweshewe dawa kwa kungoja kipimo hicho cha ghali, ilhali shinikizo lake la damu, ambalo ni katika vyanzo vikubwa vya maradhi haya, halijapimwa mwaka mzima.