Darasa Liko Upande wa Mazoea: Kicheko, Penzi na Usomaji Kishapu

Mada kwa semina ya walimu wa Kiswahili, Mhunze, Kishapu

 

Nimeombwa nizungumzie mwamko wa usomaji. Mada hiyo nimeipunguza makusudi, maana kila inapotajwa hufuatwa na wimbo uleule wa kwamba Watanzania hawasomi. Naomba leo tuanzie mahali wanaposoma, tena kwa kunyang'anyana kitabu: kwenye kisa cha mapenzi kinachovunja mbavu kisha kikachoma moyo. Mfano wangu wa kwanza ni tamthiliya, *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba. Riwaya nitaifikia.

Kisa mnakijua. Karani wa sensa, Ngoswe, anatumwa kijijini, anafikia kwa Balozi Mitomingi, mzee mwenye wake wawili na sauti ya kuamrisha. Badala ya kuhesabu watu, anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake, naye tayari ameshachumbiwa. Wawili hao wanatoroka, na mzee kwa hasira anazitia moto karatasi za sensa. Kitabu kilitoka mwaka 1988, mwaka ambao nchi nayo ilikuwa ikihesabu watu wake. Semzaba, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyefariki mwaka 2016, hakuficha alichokusudia: jina la kitabu limeshamhukumu Ngoswe kabla hajafungua mdomo. Penzi ndilo chanzo cha uzembe, basi.

Ajabu ni kwamba darasa halikubali. Wape wanafunzi wa kidato cha tatu wasome kwa sauti, mmoja Ngoswe, mmoja Mazoea, mwingine mzee, uone wanamshangilia nani. Karani akianza kubabaika mbele ya binti, darasa zima linapiga kelele za kumtia moyo. Karatasi zikiungua wanaguna, lakini hawazililii takwimu za taifa. Wanamlilia Mazoea na safari yake iliyokatika. Mwandishi kawaandalia somo la uwajibikaji, wao wamejichukulia kisa cha mapenzi. Kwa maoni yangu hawakukosea, na Semzaba mwenyewe ndiye aliyewapa nafasi hiyo. Angetaka wamchukie Ngoswe, asingemfanya achekeshe kiasi kile.

Hapa Kishapu kisa hiki kina mizizi ya ziada. Karani ni mtu tunayemfahamu. Wilaya hii inalima pamba, na kila msimu wa ununuzi kuna kijana mwenye kalamu na daftari anayekaa kando ya mizani, anayeandika kilo za wazee na kutazamwa na mabinti wa kijiji. Ongeza wageni wanaofuata almasi Mwadui na Maganzo, na vijana wanaorudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Kahama na Geita wakiwa na simu mpya na maneno mengi. Mgeni mwenye mshahara anayeingia kwa balozi na kuvuruga nyumba si mhusika wa kubuni kwa msichana wa Ukenyenge au Songwa. Anamcheka kwa sababu amewahi kumwona.

Halafu kuna suala la ng'ombe. Kitini cha uhakiki kitasema Mazoea kuvunja uchumba ni mgongano kati ya ukale na usasa. Darasa la Kisukuma linauliza swali kali zaidi: mahari inarudishwaje? Kwetu ng'ombe wa mahari ya dada ndio mara nyingi kaka anaowategemea naye aoe. Kwa hiyo Mazoea akitoroka, wavulana wanagawanyika pale pale. Wapo wanaomtetea kwa jina la mapenzi, na wapo wanaonyamaza wakipiga hesabu. Nimewahi kuona mjadala huo ukivuka kengele ya kipindi, na wakati wote wanacheka. Bila kicheko hicho nani angethubutu kusema mbele ya wenzake kwamba ndoa ya dada yake ni mtaji wake?

Jambo lenyewe si dogo. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mkoani Shinyanga, kabla haujamegwa kuzaa Simiyu na kuchangia Geita, asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Kitaifa ilikuwa asilimia 37. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilivitangaza vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Mnayajua hayo kutoka semina nyingine, zenye mabango. Tofauti ni kwamba bango humwambia msichana la kufanya, lakini Mazoea humwachia aamue kama alifanya sawa.

Sasa riwaya. Iliyo karibu zaidi na ladha hii, kwa maoni yangu, ni *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999. Wengi huifundisha kidato cha tano na sita kama riwaya ya kupigania uhuru wa Zanzibar, na ni kweli. Lakini msomaji haanzi na uhuru. Anaanza na Yasmin, binti wa miaka 15 aliyeozwa kwa Raza, mwanamume wa miaka 52. Jirani yake Mwajuma, mpenda taarabu na mcheshi asiyejali macho ya watu, ndiye anayemfungulia mlango wa maisha mengine, na huko anakutana na Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi ambaye askari wa mkoloni hawampi nafasi ya kupumua. Mtoeni Mwajuma mle ndani mtabakiwa na siasa na huzuni tupu. Yeye ndiye anayefanya msomaji aendelee kufungua kurasa usiku. Na Yasmin hafi! Mwishoni anapata ndoa aliyoichagua mwenyewe, na Bukheti. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitengenezea filamu, lakini kwa wasichana wa huku kitabu ndicho chenye nguvu, kwa sababu kinasomwa polepole na kwa siri.

Nimesisitiza kwamba hafi kwa sababu riwaya yetu imezoea kuwaadhibu wapenzi. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alitupa *Rosa Mistika* mwaka 1971, kitabu kikubwa kilichowahi kuzuiwa shuleni, na Rosa wake analipa kwa uhai. Sibishani na Kezilahabi. Nasema tu kwamba msichana akisoma vitabu vitatu mfululizo ambamo kupenda ni kufa, atajifunza kwamba fasihi nayo iko upande wa baba yake.

Pengo hilo la visa vya mapenzi visivyowaadhibu wapenzi limezibwa na magazeti, na hapa najua baadhi yenu mtakunja uso. Eric Shigongo, jirani yetu wa Kanda ya Ziwa aliyechaguliwa mbunge wa Buchosa mwaka 2020, alijenga wasomaji kwa hadithi za mfululizo katika magazeti ya mapenzi na udaku yaliyokuwa yakishuka kwenye mabasi. Kitabu chake kimoja kinaitwa *Rais Anampenda Mke Wangu*. Nani anaweza kulipita jina kama hilo stendi bila kugeuka? Lugha ya hadithi hizo mara nyingine ni ya haraka, na machozi yake ni mengi kuliko inavyohitajika. Lakini mama muuza karanga aliyekuwa akingoja toleo la wiki ijayo alikuwa msomaji kamili: alikumbuka majina, alitabiri, aligombana na mwandishi. Sisi tunaye mwanafunzi aliyemaliza *Ngoswe* ndani ya siku moja, na kazi yetu ya kwanza ni kumpa jedwali lenye safu za dhamira, ujumbe na falsafa.

Hapo ndipo ninapoona kosa letu. Vitini vya uhakiki vinauzwa kuliko vitabu vyenyewe, na mwanafunzi anafika darasani akijua kuwa Mazoea anawakilisha hiki na Mitomingi kile kabla hajamsikia hata mmoja akisema. Kicheko kimeshakufa. Pendekezo langu ni la kawaida mno: vipindi viwili vya mwanzo viwe vya kusoma tu, kwa kugawana nafasi, bila kalamu mkononi. Wasichana wapewe nafasi ya Mitomingi pia, kwa sababu binti anayeiga sauti ya baba mbele ya wenzake hugundua mambo ambayo jedwali halina. Nakala zikiwa chache, na kwetu huwa chache, usomaji wa sauti ndio njia pekee ya haki.

Tena mnacho kichocheo mikononi. Sensa ya Agosti 23, 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, baadhi yenu mlikuwa makarani, na baadaye vishikwambi hivyo vikagawiwa kwa walimu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: Mzee Mitomingi angechoma nini leo? Kabla sijajibu, mwenzake akasema angekitupa kishikwambi kisimani, wa tatu akasema taarifa zimeshatumwa Dodoma, kwa hiyo hasira ya mzee ingekuwa ya bure na Ngoswe angekuwa na muda wa kutosha kukimbia. Wakaanza kuandika upya mwisho wa mchezo.

Najua hoja itakayokuja: mtihani hauulizi kicheko. Unauliza hoja kutoka kazi mbili, na mifano. Ni sahihi, na ndiyo maana natetea utaratibu huu hata kwa kigezo cha alama. Anayekariri kitini huandika kwamba mwandishi ameonyesha ndoa za kulazimishwa, akakwama kwenye mfano. Aliyecheza nafasi ya Mazoea anakumbuka nani alisema nini, nani alikuwepo, na nini kilitokea baadaye. Kwa mjadala wa alasiri naomba tuamue: nani kati yetu yuko tayari kumsoma Mitomingi mbele ya kikao cha wazazi?