Maabara Pepe: Mwanafunzi Aguse Kompyuta

(Maneno yaliyosemwa mbele ya kamati za maendeleo za parokia)



Tumeombwa tueleze kwa nini katika ombi letu la fedha tumeandika "maabara pepe", ilhali wengi mlitarajia kuona idadi ya kompyuta mpya.

Mnajua hali ilivyo katika baadhi ya shule. Kompyuta zimefunikwa vitambaa, na mwanafunzi anaruhusiwa kufungua programu ya kuandikia tu. Akigusa mipangilio ya mashine anafokewa, maana ikiharibika fundi hutoka mjini, naye hulipwa nauli na ujira. Hatuwalaumu walimu. Lakini ufundi haupatikani kwa kutazama. Anayetaka kujua kuunganisha mtandao au kuweka mfumo endeshi lazima akosee, afumue, arudie.

Maabara pepe huondoa hofu hiyo. Ni kompyuta zilizoundwa kwa programu ndani ya kompyuta moja yenye nguvu, yaani seva. Mwanafunzi huketi mbele ya mashine ya kawaida, hata iwe kuukuu, akafungua kompyuta pepe iliyomo kwenye seva na kuifanyia atakalo. Akifuta faili muhimu hata isiwake tena, mwalimu huirudisha katika hali aliyoihifadhi kabla ya somo. Ni kazi ya dakika chache, wala hakuna kilichovunjika. Seva yenye kumbukumbu ya GB 32 yaweza kubeba kompyuta pepe 10 za Linux, za GB 2 kila moja, na ikabaki na akiba. Programu ya VirtualBox, iliyotolewa mwaka 2007, hupatikana bila malipo, na Linux kadhalika.

Jambo hili si geni. North Carolina State University, nchini Marekani, ilianza maabara ya namna hii mwaka 2004. Wanafunzi wake walizifikia kompyuta hizo kwa intaneti. Sisi tunapendekeza nyaya ndani ya jengo, ili fedha za intaneti zikiisha somo lisisimame.

Kinachotutia wasiwasi ni umeme. Seva ikizimika ghafla, darasa zima limekwama. Kwa hiyo tunaomba fedha zianze na seva, betri za akiba na siku za mafunzo ya walimu. Skrini mpya zisubiri. Na ufunguo wa chumba ukae kwa mwalimu wa zamu, si kabatini kwa mkuu wa shule.